Muulize Fundi Sauti: "Mbona 320 yangu inachoma masikio ukumbini?"

Mwezi huu maswali mengi yameangukia kwenye CD, santuri na mafaili, so nimechagua machache na yaliyofanana nimeyaunganisha. Mlioulizia bei ya sabufa mnisamehe, mi siuzi sabufa.

Shikamoo fundi. Mi ni DJ wa harusi na sendofu huku Mbagala. Nyimbo zangu nyingi nazitoa kwenye video kwa ile programu ya kugeuza, na siku zote naweka ubora wa 320, sijawahi kuweka 128. Nikisikiliza kwa simu au sabufa ya nyumbani iko freshi kabisa, ila nikifika ukumbini sauti inakuwa kali, haina uzito, inachoma masikio. Mwenzangu anapiga wimbo huohuo kutoka kwenye CD aliyonunua, spika zilezile miksa ileile, na unatoka vizuri. Shida yangu nini? – DJ, Mbagala

Marahaba DJ. Spika hazina kosa na miksa haina kosa, hiyo 320, yaani kilobiti za data kwa kila sekunde ya wimbo, ndo ya uongo. Uongo wenyewe sio wako, ni wa programu.

Iko hivi, ile video sauti yake ilishabanwa zamani, yaani data zake zimepunguzwa, ilipopandishwa tu YouTube, na kule sauti nyingi zinakaa kwenye kilobiti 128 mpaka 160 hivi kwa sekunde. Programu yako inaichukua hiyohiyo, inaifungua, halafu inaibana upya kuwa MP3 na kuandika 320 juu yake. Wimbo wa dakika 4 uliokuwa na MB 4 sasa una MB 9 na nusu, we unaona umepata mzigo wa maana, kumbe kilichomo ndani ni kilekile, tena kimepungua kidogo maana kila ukibana upya kuna kitu kinatupwa. Mtu ameshakamua tui la kwanza kabaki na machicha, kaongeza maji mpaka sufuria limejaa. Tui limekuwa jingi, nazi ni ileile.

Sasa kinachotupwa ni nini. MP3 imetoka Ujerumani kwenye taasisi ya Fraunhofer, kina Karlheinz Brandenburg na wenzake, na hilo jina la .mp3 limeanza kutumika 1995. Walichofanya ni kuangalia sikio la binadamu linavyofanya kazi, kwamba ngoma kubwa ikipiga kuna visauti jirani yake vinafunikwa na huvisikii hata ukitaka, sasa vya nini kuvitunza kwa usahihi wote ule? Vinapewa nafasi ndogo au vinaachwa kabisa. Mi hiyo akili naiheshimu sana, na wale jamaa hawakubahatisha, walikuwa wanaipima hata kwa sauti ya Suzanne Vega anaimba peke yake bila ala yoyote, maana sauti tupu ya mtu inaumbua makosa haraka. Lakini hesabu yote imepigwa kwa kudhani wimbo utabanwa mara moja na utasikilizwa ulivyo. We umeubana mara mbili, ukapandisha trebo kwenye miksa, ukaumwaga kwenye spika kubwa kwa sauti ya kutikisa mabati, hapo vile vilivyokuwa vimejificha vyote vinatoka nje.

Simu haiwezi kukuonyesha haya kwa sababu kispika chake besi hakina, na kwa sauti ndogo sikio lenyewe linapunguza besi na trebo. We tafuta taarabu yoyote iliyorekodiwa ukumbini, nenda pale watu wanapopiga makofi na vigelegele, isikilize kwa hedifoni nzuri. Kwenye faili safi unasikia kofi moja moja, huyu yuko kushoto yule yuko nyuma, kwenye faili bovu makofi yote yameyeyuka yamekuwa shwaaa moja inayozungukazunguka. Manyanga na hi-hati, yale matoazi ya dramu, hivyohivyo.

Ukitaka kuona kwa macho, shusha Audacity, programu ya sauti ya bure, fungua wimbo kisha badilisha muonekano uwe spektrogramu, ile picha ya rangi inayoweka besi chini na trebo juu. Wimbo uliotoka kwenye CD rangi zinapanda mpaka karibu na hezi 22,000 (hezi ni mitetemo kwa sekunde), MP3 ya 128 mara nyingi inakatika kwenye 16,000 hivi, mstari umenyooka. Faili likijiita 320 na juu ya 16,000 ni giza tupu kuanzia mwanzo wa wimbo mpaka mwisho, ujue umepigwa. Ila usikipeleke kipimo hiki kwenye nyimbo za zamani zilizotoka kwenye kanda, huko juu zinaweza zisiwe na kitu hata kama faili ni safi.

Kwa hiyo DJ acha kuuliza faili ni ngapi, uliza limetoka wapi. 320 ya kweli, iliyobanwa mara moja tu kutoka kwenye CD au kwenye WAV ya studio, faili lisilobanwa, hapo ukumbini hakuna shemeji atakayeitofautisha na CD. Na maprodyuza wa Bongo waombe WAV bila aibu, we ndo unawapigia promo ya bure kila Jumamosi.

Kijana wangu habari za kazi. Nina CD mbili za muziki wa dansi. Moja nilinunua dukani zamani ina nyimbo 8 tu, nyingine nimeuziwa Kariakoo ina nyimbo 150. Kwa deki hiyohiyo ile ya nyimbo 8 inaimba vizuri zaidi. Mwanangu anasema CD ni CD, ni namba tupu, haiwezekani moja ikaizidi nyingine. Au ni masikio ya uzee? – Mzee, Temeke

Shikamoo mzee wangu. Masikio yako mazima, na kijana naye kapatia nusu.

Hizo ni sahani mbili zinazofanana sura tu. Ile ya dukani ni CD ya sauti kama walivyoipanga Sony na Philips, imeanza kuuzwa 1982. Ndani yake sauti imepimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo kimeandikwa kwa biti 16, yaani ngazi 65,536 kutoka kimya mpaka kelele, kushoto peke yake na kulia peke yake. Ukijumlisha unapata kilobiti 1,411 kwa sekunde, hakuna kilichobanwa, ndo maana inaishia dakika 74 mpaka 80 basi. Nyimbo za dansi nazo unazijua, hapo magitaa hayajachanganya vizuri dakika ya tano imefika, kwa hiyo nyimbo 8 zinaijaza sahani.

Sasa ya Kariakoo. CD tupu inabeba kama MB 700, gawa kwa 150, kila wimbo unapata MB 4 na ushee. Wimbo wa dakika 4 tu kwenye CD ya dukani unakula MB 42. Hapo tumeshaondoa kama tisa ya kumi ya mzigo, ni MP3 hizo, na hatujui kabla ya hapo zilibanwa mara ngapi na nani.

Hiyo 44,100 mzee haijadondoka tu kutoka mbinguni. Wahandisi wa wakati ule sauti ya namba walikuwa wanaiweka kwenye mikanda ya video kwa sababu ndo chombo pekee kilichokuwa na nafasi ya kutosha, kila mstari wa picha wanaweka vipimo 3. Kwa video za Ulaya ni mistari 294 mara 50 (nusu-picha kwa sekunde) mara 3, kwa za Marekani na Japani ni 245 mara 60 mara 3, piga mwenyewe uone zote zinaleta 44,100. Na inatosha, maana ili uikamate sauti unatakiwa uipime zaidi ya mara mbili ya kasi yake, na sikio la mtu kijana linaishia kwenye hezi 20,000. Mi na we hatufiki huko, umri unaanza kula trebo kwanza.

Mwanao kapatia hapa: ukinakili CD ya sauti kwenda CD nyingine namba kwa namba, hakuna kinachopungua. Sio kama kanda ile ambayo kila ukirekodi kutoka kwa jirani, mvumo unaongezeka. Alipokosea ni kudhani kila CD inaanzia kwenye CD. Kuna vijana wanachukua MP3, wanazichoma kwenye sahani kama CD ya sauti, deki inaonyesha nyimbo 12 na dakika zake kila kitu sawa, kumbe ndani ni zilezile MP3 zimefunguliwa tu. Kwa hiyo ukiona nyimbo chache usishangilie haraka.

Halafu hizo za kuchoma zina rangi maalum ndani yake ndo inayoshika wimbo, haipendi jua, ukiziacha juu ya dashibodi ya gari siku mbili tatu usimlaumu fundi deki. Na sahani yoyote linda zaidi upande wenye maandishi, watu wanalinda upande unaong'aa tu wakati utando unaobeba wimbo uko chini kidogo tu ya maandishi, ukikwaruzika pale ndo basi. Kufuta unafuta kutoka katikati kwenda nje, usizungushe.

Kaka fundi, marehemu baba katuachia boksi la santuri, zile ndogo za 45, kama 60 hivi. Kuna Western Jazz, kuna Marijani Rajab, nyingine hata sizijui. Kuna kijana ana mashine anataka kuniwekea kwenye flashi kwa MP3, anasema inatosha kwani santuri zenyewe zinakwaruza. Nikubali? – Dada, Magomeni

Poleni sana dada. Jibu ni hapana, mwambie taratibu tu asikasirike, maana hiyo sababu aliyokupa ndo hasa inayofanya MP3 isifae.

Mikwaruzo ni sauti isiyo na mpangilio, na MP3 sauti za hivyo zinaitesa kuliko zote. Inatumia biti zake kuhangaika na tsk-tsk za vumbi, gitaa la solo linapewa yaliyobaki. Halafu siku mkitaka kusafisha hiyo mikwaruzo kwa kompyuta, programu inashindwa kuona vizuri wapi mkwaruzo unaanza na wapi wimbo unaishia kwa sababu vimeshabanwa pamoja. Santuri ikiwa mbovu ndo inahitaji faili zuri zaidi.

Mwambie arekodi WAV, biti 24, vipimo 48,000 kwa sekunde. Sio kwamba santuri ina usahihi wa biti 24, haifiki hata karibu na huko, ila biti 24 zinakuruhusu urekodi kwa sauti ya chini kidogo bila hasara, vilele vya wimbo viishie kama desibeli 6 chini ya mwisho, maana mkwaruzo mmoja mkubwa unaweza ukaruka juu kuliko tarumbeta na ukigonga mwisho wa namba hapo umekatika, haurudi. Upande wa dakika 4 utakula karibu MB 70, pande 120 ni kama GB 8 na kidogo, flashi ya GB 16 inabeba zote na inabaki.

Kabla ya hayo yote zioshwe. Maji safi na tone la sabuni laini, kitambaa kisichoacha nyuzi, fuata mzunguko wa mistari, karatasi ya katikati isilowe, ziache zikauke zenyewe. Sindano iwe nzima, sindano iliyochakaa haiishii kuharibu sauti tu, inalima santuri yenyewe. Na mashine iingie kwenye amplifaya yenye tundu la fono ndo itoke kwenda kwenye kompyuta, kwa sababu santuri zinachongwa besi ikiwa imepunguzwa na trebo imeongezwa, fono ndo inarudisha mambo mahali pake. Ukimuona anachomeka waya moja kwa moja kwenye tundu la maiki la laptopu mnyang'anye boksi uondoke nalo.

Nyimbo nyingi kwenye hizo 45 zimekatwa sehemu ya 1 na sehemu ya 2, upande huu na upande huu, wimbo mrefu haukuwa unaenea. Arekodi kila upande peke yake na autunze hivyohivyo, kuunganisha ni baadaye kwenye kopi. Kusafisha nako kuwe kwa kopi, na kidogo tu, nimesikia nyimbo nzuri sana za miaka ya 70 zimesafishwa na mtu mwenye hamu ya ukimya mpaka manyanga yakafutika yote, kimebaki kisauti kimeziba pua. Piga picha karatasi za katikati, zile namba zilizoandikwa pale zina kazi. Ukimaliza geuza WAV ziwe FLAC, zinapungua karibu nusu na hazipotezi hata chembe moja, ukizifungua zinarudi vilevile. MP3 watengenezee ndugu wa kwenye grupu la familia.

Na usizione ni vitu vya kawaida. Bendi zetu zilikuwa zinarekodi Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye mikanda mikubwa ya rili kwa ajili ya hewani, halafu santuri nyingi zilikuwa zinafyatuliwa Nairobi, kwa hiyo wimbo mmoja unaweza ukawa na rekodi mbili tofauti, solo tofauti, hata maneno tofauti. Ya kwenye boksi la baba inawezekana sio ile unayoisikia redioni.

Mkuu mambo vipi, mi naanza kukusanya santuri mpya, zile zinazotolewa siku hizi. Jamaa zangu wanasema nimeachana na udijitali, nimeingia kwenye sauti halisi. Niko sahihi? – Kijana, Sinza

Poa kabisa. Umeachana nao kwenye kochi tu, ndani ya santuri upo.

Santuri nyingi za sasa hivi zinachongwa kutoka kwenye faili la kompyuta, biti 24 kwa kawaida. Na sio mambo ya jana, Denon ya Japani ilikuwa inatoa santuri zilizorekodiwa kwa namba tangu mwanzoni mwa miaka ya 70, CD haijazaliwa bado, na 1979 Ry Cooder wa Marekani akatoa albamu ya rock iliyorekodiwa kwa namba, watu wakainunua kwenye santuri bila wasiwasi. Mwaka 2022 ndo ikawa kichekesho kabisa, kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani inayouza santuri za bei mbaya kwa watu wenye masikio ya dhahabu, ikajulikana nyingi zilipitia hatua ya dijitali katikati. Wanunuzi walikasirika sana, na ni walewale waliokuwa wanazisifia kwamba hazina harufu ya namba.

Sikwambii uache. Santuri mara nyingi inatengenezewa masta yake, yaani toleo la mwisho la wimbo kabla ya kuzalishwa, sio ya kelele kama ya CD au ya mtandaoni, kwa sababu ukizidisha kelele sindano inashindwa kukaa kwenye mfereji. Ngoma inabaki na pumzi. Unachokipenda ni kazi ya aliyeisimamia masta. Ukiipata hiyohiyo masta kwenye CD itapiga vilevile, tena bila nyimbo za mwisho kuanza kukwaruza S pale karibu na katikati ya sahani.

Fundi, nina studio ya chumbani Kimara. Narekodi 24 biti 96,000 ili nipate sauti kali kuliko wenzangu, lakini wimbo ukitoka kwenye CD unakuwa mdogo, mteja analalamika haufiki kwa akina fulani. Niongeze mpaka 192,000? – Prodyuza, Kimara

Usiongeze, utajaza tu diski ya kompyuta. Biti 24 weka, hiyo inakupa nafasi wakati wa kurekodi sauti ya mtu anayenong'ona halafu ghafla anapiga kelele. Hiyo 96,000 ndo haimsaidii mteja wako. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha majaribio yao kwenye jarida la AES, la wahandisi wa sauti, waliwasikilizisha watu rekodi za kiwango cha juu, halafu hizohizo zikipitishwa kwenye kiwango cha CD, mara 554, wakapatia ipi ni ipi mara 276. Kurusha shilingi juu ungepata hivyohivyo. Rekodi 44,100, au 48,000 kama wimbo una video.

Ukishusha kwenda biti 16 kwa ajili ya CD washa ditha, ile kelele ndogo sana inayoficha makosa ya kupunguza biti, mara moja tu, mwisho kabisa.

Udogo anaoulalamikia mteja hauhusiani na namba hizo, wenzako wanabana kwa limita, ile inayozuia sauti isivuke kiwango, mpaka vilele vimekatika. Ukifungua wimbo wao unaona tofali, hakuna mlima hakuna bonde. Kwenye CD unaonekana mkubwa kweli, lakini YouTube na Spotify zinaushusha mpaka karibu na desibeli 14 chini ya mwisho kwa kipimo chao cha ukubwa wa sauti, so ule ukubwa unaondolewa na kukatika kunabaki. Mtengenezee mteja masta mbili, ya mtandaoni uiachie nafasi ya kama desibeli 1 juu ya vilele, ya CD ongeza kidogo kama analazimisha. Halafu mpigie zote mbili kwa sauti sawa, punguza wewe kwa mkono ile ya kelele, usimwambie ipi ni ipi, aseme mwenyewe kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, inasikika wapi.

Na mliouliza bluetooth: ndiyo, inabana tena, ile ya kawaida inaishia kama kilobiti 328. Kwa daladala hakuna neno. DJ wa Mbagala, wewe tumia waya.